Chumba Kilichokataa Kikohozi

Nyinyi vijana mnaofungua studio vyumbani mwa mama zenu, nakuandikieni nyinyi. Najua siku hizi mna vifaa vidogo vya kutia mfukoni, mtu anarekodi wimbo mzima amekaa kitandani. Sina ugomvi navyo. Nataka mjue kilichotokea nyumbani kwangu, Mji Mkongwe, maana binti yangu aliumwa akafa ndani ya nyumba yenye watu, na hakuna aliyemsikia. Mimi mama yake nilikuwemo.

Mwanangu wa kiume alianza na redio kaseti, miaka ya themanini. Alikuwa anapiga udi. Wenzake wanakuja na fidla na dumbaki, wanakaa duara chumba cha juu, redio ipo katikati juu ya kigoda, wanabonyeza vidude viwili kwa pamoja na kuanza. Mtu akikosea, wanarudia. Akipita muuza kahawa anagonga vikombe vyake, wanarudia. Wakishikwa na kicheko, wanarudia. Ilikuwa mchezo, na nyumba ilikuwa nyumba.

Baadaye jamaa yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Maskati akamletea mashine ya kaseti yenye njia nne. Hiyo unaingiza udi peke yake, halafu sauti peke yake, kisha unavichanganya. Hapo watu wakaanza kuja kutoka mbali, Mkokotoni, Jambiani, wakitaka nyimbo zao za harusi. Na hapo mwanangu akaanza kuzichukia sauti za nyumba.

Chumba alikivika magodoro ya sufi ukutani kote mpaka dirishani. Alirekodi baina ya adhuhuri na alasiri, mtaa umelala. Akianza anatundika kanga yangu nyekundu mlangoni mwa chumba. Ikishatundikwa, hapana kusema, hapana kutwanga, hapana kuvuta kiti, maji hayachotwi. Na huko chini mtu asipige hodi.

Hilo la hodi nililishika mimi. Nikakaa kwenye kiti changu mlango wa njiani, ngazi nimeipa mgongo, na kila anayekuja namnyanyulia kidole kabla hajafungua kinywa. Jirani mmoja alikasirika. "Bi wee, tangu lini mtu akaingia nyumba ya Waislamu kama mwizi?"

"Basi usiingie," nikamwambia.

Nilikuwa hivyo. Vijana wenzake walikuwa wamejaa vibarazani hawana la kufanya, wangu kapata lake. Nikasema halitaharibiwa na mdomo wa mtu.

Binti yangu, mdogo wake huyo, alikuwa anashona kofia za viua. Ni kazi ya sindano na uzi, haina kelele. Alipenda kukaa ngazini, daraja ya tatu kutoka juu, kwa sababu mwanga wa darini unashukia pale. Alikuwa mtu wa mzaha. Kanga ikitundikwa ananijia kwa kunyata, ananinong'oneza sikioni: "Mama, mchuzi unachemka kwa kelele. Niuambie unyamaze, au utauonya wewe?" Na mwimbaji mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alikuwa akivua viatu vyake kule nje kabisa. "Bi mkubwa," anasema, "nyumba yenu hii hata panya wanavaa soksi." Tukicheka, lakini kwa kujibana.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ikaja kompyuta, na pamoja nayo kisanduku cha kuipeleka sauti ndani ya kompyuta. Hakizidi ukubwa wa tofali la sabuni. Kina matundu mawili ya waya na taa moja ya kijani. Na maikrofoni ikaja mpya. Mwanangu akanivisha hedfoni. Nikausikia udi, na nyuma ya udi nikawasikia njiwa wa juu ya paa, na nyuma ya njiwa kitu kinakwaruza kidogo kidogo.

"Nini hicho?"

"Mdogo wangu huyo, anavuta uzi. Mashine hii, mama, inasikia mpaka mtu anavyomeza mate."

Mwaka ule ule binti yangu akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu. Nikasema ni sufi, magodoro yale ya zamani yamepasuka, vumbi lake linamwingia. Nikampa tangawizi na asali, nikampa habasoda. Mara ya kwanza kaka yake alitoka chumbani akamwambia kwa upole, "Umeingia kwenye wimbo, mdogo wangu." Mara ya pili, "Umeingia tena." Mara ya tatu sikumngoja yeye. Nilipanda ngazi mwenyewe.

"Huwezi kujizuia? Mtu mzima wewe! Watu wametoka Mkokotoni tangu alfajiri kwa ajili ya saa mbili hizi."

"Nnajizuia, mama. Kinakuja chenyewe."

"Basi kitie kwenye kanga."

Akakitia kwenye kanga. Akajifunza vizuri sana. Anaibana kanga mdomoni kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na sauti haitoki. Nilimwona nikafurahi. Naliandika neno hili kama lilivyo: nilifurahi kwamba ameweza.

Halafu mazoea hayo yakamshika. Hata kanga nyekundu ikiwa imeteremshwa, hata tumekaa tunakula, akawa anakohoa kimya. Sisi tukaamini kimeisha. Akakonda, nikasema anafunga mno Jumatatu na Alkhamisi. Asubuhi foronya yake imelowa jasho, nikasema joto.

Siku moja mwanangu akanionyesha kazi yake kwenye kioo cha kompyuta. Wimbo unaonekana kama milima midogo iliyofuatana. Baina ya milima palikuwa na vitu vyembamba vimesimama, kama njiti za kibiriti.

"Hivi ni vikohozi vilivyomtoroka," akasema. "Nakichagua hivi, nakitoa. Umeona? Ukisikiliza hukijui."

"Mbona vingi?"

"Vingi, lakini vinatoka vyote."

Nikarudi kwenye kiti changu.

Siku binti yangu alipoanguka, aliyekuwa anarekodi ni yule mwimbaji mnene. Ulikuwa wimbo wa harusi, mrefu. Mimi niko chini mlangoni, kidole tayari. Ulipokwisha, mwanangu akafungua mlango kwa furaha, anapiga kelele: "Umetoka safi! Hamna hata chembe!" Kisha sikumsikia tena. Nikageuka.

Binti yangu alikuwa amelala ubavu katikati ya ngazi, paji la uso limepasuka, kofia aliyokuwa akiishona imebingirika mpaka karibu na miguu yangu. Kanga ingali mdomoni mwake. Alianguka nyuma ya mgongo wangu, hatua chache tu, wimbo ukamfunika, na hakupiga ukelele. Kaka yake akaitoa ile kanga, ilikuwa na damu. Yeye akafungua macho akamtazama.

"Mshamaliza?" akauliza.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke, kijana. Akaniuliza, "Anakohoa tangu lini?"

"Alikohoa kidogo, kikaisha."

Akamsikiliza kifua, mbele na nyuma. "Hakikuisha, bibi. Hiki ni kifua kikuu, na ni cha miezi mingi. Nyumbani hamumsikii?"

Akanieleza kwamba kina dawa, wanaokuja mapema wanakunywa na wanapona. Dawa wakamwanzisha siku ile ile. Sote wa nyumbani tukapimwa, mimi, mwanangu na mkewe, na Mungu akatusalimisha. Yeye alikaa siku kumi na moja. Wodi nzima inakohoa, na yeye peke yake kaziba mdomo kwa kanga. Mama mmoja wa kitanda cha pili akamwambia, "Kohoa, mwanangu. Hapa sote ndiyo kazi yetu." Akatabasamu, akatikisa kichwa. Nami nilimwambia kohoa. Nilimwambia mara nyingi, nimemshika mkono, nikamwomba. Hakuweza tena.

Baada ya khitma mwanangu aliniita chumbani akafungua kompyuta. Kumbe vile vikohozi hakuwa anavitupa. Alikuwa akivishusha kwenye mstari wa chini na kuuzima sauti, kwa kuogopa asije akakata na wimbo. Akanionyesha wimbo mmoja baada ya mmoja.

"Huu vitatu. Huu tisa. Huu, tazama, siwezi kuvihesabu. Nilikuwa nnaviona, mama. Kila siku nnaviona. Mimi nnaona ni uchafu, nnasafisha."

"Na mimi ulinionyesha," nikamwambia. "Fungulia sauti."

Tukasikiliza. Sauti yake ya kuzungumza hatunayo, maana mashine ikiwashwa yeye alikuwa hasemi. Tulichonacho ni kile kikohozi chake, na kinatokea mbali, ngazini.

Ule wimbo uliotoka safi ulipendwa. Nimeusikia harusini mara ngapi, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi nangojea pale katikati yake, mahali ninapodhani ndipo alipoanguka. Pale hapana kitu. Udi unaendelea.

Mwanangu alitaka kukipasua kile kisanduku kwa nyundo, nikamzuia. Nilimwambia mashine haikumwambia dada yako atie kanga mdomoni, nilimwambia mimi. Siku zikapita, akarudi kazini. Siku ya kwanza akaja yule mwimbaji, akavua viatu nje, mzaha hakuufanya. Wakafunga mlango. Mimi kwenye kiti changu sikukaa, nilikuwa jikoni na mke wa mwanangu. Moshi wa kuni ukamwingia, akashikwa na kikohozi. Akatazama juu kule chumbani, akavuta kanga yake, akaziba nayo mdomo. Mabega yakaanza kutikisika.

Nilipanda ngazi na miguu yangu hii mibovu. Kanga nyekundu ilikuwa imetundikwa pale pale pa zamani. Nikaichana kutoka kwenye msumari, nikausukuma mlango, na mwimbaji akakatika katikati ya neno. Mke wa mwanangu alikuwa nyuma yangu, ameshika kanga yake. Nikawaambia wote, na mgeni akiwemo:

"Kitambaa hiki hakitundikwi tena hapa. Anayekohoa nyumba hii akohoe kwa sauti yake yote. Na nyinyi mliomo humu, mkisikia, zimeni mashine, fungueni mlango, mtoke mkaulize ni nani."