Ndimu ya Safari ya Malindi

Hata leo nikikata ndimu ya samaki, makwapa hunisisimka kabla pua haijaipata harufu. Msinicheke bado.

Nilikuwa darasa la saba huko Adu, miaka ya themanini, kifua ndiyo kwanza chachomoza, na nimechaguliwa kuongoza mstari wa ngoma ya shule. Twaenda kucheza Malindi, mji ambao sikuwahi kuuona. Nikichota maji nacheza, nikitwanga mahindi natikisa mabega, hata kuku wa kwetu walizijua hatua zote.

Siku moja mazoezini Kadzo, aliyenifuata mstarini, akanivuta kando. "Mwenzangu, ukiinua mikono sisi wa nyuma twafa. Kaoge vizuri, mwalimu asije akakutoa mbele."

Nilinuna hadi nyumbani. Nyanya yangu, hawe kama tusemavyo Wagiriama, akauliza kilichonivimbisha mashavu. Niliona haya, lakini yeye mwenyewe alizoea kutwambia mficha uchi hazai, basi nikamweleza. Hakunipa pole. Alisema nimekua na jasho limekua nami. Nioge makwapa kwa sabuni asubuhi na jioni, nipake ndimu kidogo, na blauzi niifue niianike juani. Nikafuata, harufu ikaisha.

Lakini asubuhi ya safari kimuhemuhe kikanizidi. Nilichukua wembe wa baba, nikanyoa makwapa yote mawili, kisha nikayasugua kwa ndimu nzima. Jamani, moto. Nilizunguka ua mikono juu, kama kuku aliyetaka kuruka akasahau vipi. Hawe akanimwagia maji, akanipepea kwa kipepeo cha jikoni.

"Nilikwambia ndimu. Wembe nani kakwambia?"

Malindi nilicheza viwiko mbali na mbavu, maana vikigusa nachomeka. Mwalimu akawanong'oneza wenzangu wainue mikono kama mimi. Vigelegele vikapanda, mabega yakatetemeka, vumbi likaruka, na nyuma yangu nikasikia Kadzo akisema, "Leo wanukia, ila kama samaki wa kupaka." Nilicheka huku nacheza.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikafahamu. Mimi ningetolewa, wa kushika mbele alikuwa Kadzo. Angenyamaza tu, kwapa langu lingemfanyia kazi.

Sasa mjukuu wangu nikimwambia ananuka, hununa siku nzima. Na anune. Mimi nilinuna, nikaenda Malindi nikacheza mbele.