Tukutuku Bila Taa

Ile siku niliyoifungua pikipiki yangu vipande vipande katika ua wa maternite, nyumba yetu ya kuzalishia, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, hata harufu ya petroli iliyomwagika mchangani. Vita vilikuwa vimekaribia Kasongo. Watu wenye bunduki walikuwa wakichukua kila pikipiki waliyoikuta barabarani, na sisi wakunga tulikuwa na hiyo moja tu.

Ilikuwa imeachwa na mapadri waliorudi kwao zamani, mimi nikiwa bado msichana. Waliiacha pamoja na sanduku la mbao lililojaa vipuri vyake vya asili, kila kimoja kimefungwa katika karatasi yenye mafuta. Wazee wetu walikuwa wakiita chombo kama kile tukutuku, kwa sababu ya mlio wake, na mimi niliyethubutu kukipanda nikaitwa Mama Tukutuku. Wengine walicheka. Wengine walisema sitapata mume. Mume nilimpata, Mungu amlaze pema, na ndiye aliyekuwa akinisukuma kila asubuhi tukutuku ilipogoma kuwaka.

Ninyi wa leo mnaona pikipiki kila mahali, hamuwezi kujua raha niliyokuwa nayo. Nilikwenda nayo Nyangwe, nilikwenda nayo njia ya Kabambare mpaka vijiji ambavyo hata gari halikufika. Wanawake walikuwa wakiusikia mlio wake kutoka mbali na kumwambia mwenye uchungu ajikaze, mkunga anakuja. Magoti yangu yanaikumbuka ile njia kuliko akili yangu.

Basi siku ile ya vita nikaita wanawake niliowazalisha. Tukafungua tukutuku yote, tukagawana. Mmoja alichukua gurudumu akalilaza chini ya mkeka wa watoto wake. Mmoja alizamisha cheni ndani ya chungu cha mafuta ya mawese ili isipate kutu. Mwingine aliificha kabureta katika nguo za mtoto mchanga, akijua hakuna mwanaume atakayetia mkono humo. Sanduku la vipuri nililizika mwenyewe chini ya mafiga ya jiko langu. Mtu angeweza kupora nyumba yoyote ile, lakini asingeondoka na tukutuku.

Taa ya mbele ilichukuliwa na Salima. Hakungoja kupewa.

Nikueleze Salima alikuwa nani. Alikuwa rafiki yangu wa upande wa msikitini, muuza vitumbua, mwenye kicheko kinachosikika soko zima. Mimi ni wa kanisa, yeye wa msikiti, na hiyo haikutuzuia kitu: Idi sahani yake ilikuja kwangu, Noeli yangu ilikwenda kwake. Mtoto wake wa kwanza alikuja giza likiwa limeingia na mafuta ya taa yameisha nyumbani. Nikaisukuma tukutuku hadi mlangoni, nikaiwasha, nikaelekeza taa ndani mpaka mtoto akalia. Ndiyo maana siku ya kugawana alisema mbele ya wote, "Taa ni ya miye. Mutoto wangu alizaliwa mu mwanga yake." Akaifunga ndani ya kitenge chake kizuri. Kesho yake tukakimbia, kila mtu na njia yake, na yeye akashika njia ya Kabambare pamoja na watu wa ukoo wake.

Vita vilipopoa tukarudi, na vipande vikaanza kurudi pia. Mwanangu, ile ilikuwa furaha ambayo sijaiona tena. Kila siku mwanamke mmoja anaingia uani na kitu kichwani, anakiweka chini, anapigiwa vigelegele. Cheni ilitoka katika mawese inang'aa. Kabureta ilirudi bado inanuka mtoto. Ikabaki taa peke yake.

Nilikuwa kijana bado, na kijana anapenda kazi yake imalizike. Nikawatuma vijana wa baiskeli waliokuwa wakipeleka mafuta na chumvi upande wa Kabambare. Nikawaambia, "Mukimukuta Salima, mumuambie alete taa." Hawakuleta jibu. Nikakasirika. Nikaenda sokoni, nikanunua taa nyingine, ya plastiki, nikaketi uani kuifunga.

Mama mkwe wangu alikuwa pembeni anachagua mchele. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache yalikuwa yanauma.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Naweka taa, mama. Salima amekataa kuleta ile."

"Amekataa? Ulimutumia habari gani?"

Nikamwambia. Akauweka ungo chini.

"Kwa hiyo mutu alikimbia vita, hujue kama iko mzima, hujue kama watoto wake wanakula, na weye unamuulizia taa. Juu ya nini hukumuulizia yeye mwenyewe?"

Nikaegemeza bisibisi kwenye gurudumu.

"Toa hiyo kitu," akasema. "Salima akirudi, akute umeziba fasi yake?"

Nikaitoa. Siku hiyohiyo nikatuma salamu nyingine, safari hii salamu za kweli: yuko wapi, watoto hawajambo, namkosa, arudi. Lakini zilichelewa. Jibu lililonifikia lilisema Salima alikwishahama pale alipokuwa, na hakuna aliyejua alikokwenda. Nikaendelea kuuliza kwa kila aliyetoka upande ule, mwaka baada ya mwaka, na wote walitikisa kichwa.

Basi tukutuku ikaishi bila taa. Mbele pale palibaki tundu la mviringo na nyaya zilizoning'inia, na nikilazimika kusafiri kwenye giza nilifunga tochi kwenye usukani kwa mpira. Mafundi walinicheka. Watoto walioanza kuiona baadaye walidhani imetengenezwa hivyo. Mimi nilikuwa nikiliona lile tundu kila asubuhi nikipangusa vumbi, na kila asubuhi nilimkumbuka Salima. Kicheko chake hasa. Nilizoea kila Idi kuosha sahani moja na kuiweka mezani, sijui kwa nini, maana hakuna aliyekuja kuijaza. Ukikosa mtu aliyekufa, unalia, unamaliza, unamwombea. Ukikosa mtu ambaye hujui kama yuko hai, huna pa kuanzia.

Miaka imekwenda. Mama mkwe tulimzika, mume wangu tukamzika. Nyonga yangu ikaharibika, tukutuku ikawa inakaa barazani chini ya turubai. Na mjukuu wangu Furaha alipokubaliwa katika shule ya ukunga kule Kindu, nikajua wakati umefika wa kuiuza ili apate karo.

Mnunuzi alitoka Salamabila, mfanyabiashara wa dhahabu, Bwana Ramazani, mtu mwenye tumbo na adabu nzuri. Baba yake, enzi za kilimo cha pamba, aliendesha tukutuku kama ile, na yeye aliitafuta sana ili aiweke mbele ya duka lake aiangalie tu. Kila mtu na ugonjwa wake. Aliizunguka, akapapasa tangi, akauliza kila kitu: hiki cha asili? Na hiki? Nikamwambia hakuna kipya hapo isipokuwa mimi nilivyozeeka.

Nikamfungulia sanduku la mapadri. Akapiga magoti, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: nyaya za breki, ringi za pistoni, buji za kutoa cheche ambazo hazijawahi kuwaka, na chini kabisa kioo cha taa ya mbele, kizima, bado ndani ya karatasi yake. Akakiinua juu, akacheka.

"Mama, kioo iko, taa haiko! Hii ni maneno gani?"

"Taa iko kwa mwenyewe," nikasema.

"Basi nitaweka ingine."

"Hapana. Ichukue vile iko. Usizibe ile fasi kwanza. Unipe hata mwaka moja."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama bibi kizee, lakini akakubali, akapunguza bei kidogo kwa ajili ya taa, na mimi sikubishana. Vijana wakaipakia kwenye lori pamoja na sanduku. Nililia, sitakuficha. Sikulilia chuma. Nililia kwa sababu lile tundu ndilo lililokuwa likimngoja Salima, na sasa nilikuwa nimelipeleka kwa watu. Nikajiona nimemfungia mlango. Furaha akanishika mkono tukaingia ndani.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja niko nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya muhogo, nikasikia kilio cha msiba mbele ya ua. Sauti ya mwanamke, kubwa, inaita, "Mama Tukutuku weee! Umeniacha na nani! Weye uliyenizalisha!" Nikaacha mchi. Mwanangu, si watu wengi wanaopata kusikia wanavyoliliwa. Nikazunguka nyumba polepole na nyonga yangu, nikamkuta mwanamke mzee amekaa chini mchangani, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba, majirani wamemzunguka wamepigwa na butwaa.

"Nani amekufa hapa?" nikauliza.

Akainua uso. Salima. Amekonda, meno ya mbele hayapo, lakini ni yeye.

"Weye," akasema, "hukufa?"

"Bado. Nilikuwa nangoja weye."

Kwanza alinirukia shingoni, kisha akakasirika kweli. "Sasa juu ya nini uliuzisha tukutuku? Niliiona Salamabila mbele ya duka ya Ramazani, na fasi ya taa iko wazi. Nikasema, Mama Tukutuku hawezi kuuzisha ile kitu. Watoto wake ndio wameuzisha, yeye amekufa. Nikaacha hata sufuria yangu ya maharagwe ku moto!"

Kumbe miaka yote alikuwa huko, anawapikia wachimbaji wa dhahabu. Siyo mbali, mwanangu. Kijana mwenye pikipiki nzuri anafika.

"Na weye," nikamwambia, "juu ya nini hukurudi?"

Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na kile kitenge, kimefifia mpaka hakina rangi, na ndani ya kitenge taa. Kioo chake kilikuwa kimepasuka katikati.

"Nilianguka nayo mu mto Luama, wakati wa kukimbia," akasema. Alikuwa haniangalii. "Halafu watu wa baiskeli wakaniambia, Mama Tukutuku anasema ulete taa. Nikaona haya. Wote walirudisha piyesi nzima, miye peke yangu nirudishe yenye kuvunjika? Nikasema nitatafuta kioo ya orijine kwanza, kiisha nirudi. Nikatafuta Kabambare. Nikatafuta Salamabila. Kila mutu anayetoka Bukavu ninamuagizia. Haikupatikana. Na vile miaka inaenda, haya inazidi."

Mwanangu, nilikaa chini pale pale mchangani kando yake. Nilikuwa na kioo. Kilikuwa chini kabisa ndani ya sanduku la mapadri siku zote hizo, kizima, ndani ya karatasi yake. Angeingia tu katika ule ua na taa yake iliyovunjika, ningekibadilisha kabla chai haijachemka. Nilipomwambia, alipitisha kidole kwenye ule ufa wa kioo. Halafu kile kicheko kikatoka, kilekile cha sokoni, na katikati yake akalia, nami nikalia, majirani wakaenda zao kwa sababu waliona hakuna msiba na hakuna wanachoelewa.

Hajaondoka. Analala chumba cha Furaha, anakoroma, na analalamika kwamba siku hizi sombe yangu haina chumvi. Bwana Ramazani alisikia habari, akatuma mtu kuomba taa ili aikutanishe na kioo chake. Tulimjibu tutampelekea wenyewe, wote wawili, nyonga ikipoa. Angoje. Sisi tulingoja zaidi.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, wewe ambaye bado una magoti mazuri. Kitu cha mtu kikikuharibikia mkononi, kirudishe hivyo hivyo kilivyo, mapema, na uso wako mwenyewe. Usikae mbali ukitafuta namna ya kurudi bila aibu. Hujui mwenzako ana nini ndani ya sanduku lake. Na wewe unayemngoja mtu, unapomtumia salamu, muulizie yeye kwanza. Usimuulizie taa. Neno langu moja la ujana, nililolituma kwa haraka pamoja na mafuta na chumvi, lilitunyima Idi nyingi sana, na hakuna soko linalouza hizo.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani, akupe rafiki anayejua kukulilia kwa sauti, na akujalie uisikie sauti hiyo ungali hai, uzunguke nyumba, umwambie uko.