Betri Zilizokuwa Kazini Kibingo

Nilitoka Ihembe kwa sababu moja tu: betri za sola zilizokufa. Mimi ni muuza vifaa vya sola, na siku hizi kampuni inayotuletea imeambiwa na serikali kwamba betri ikifa, bado ni yake. Iifuate na kuirudisha kiwandani. Kampuni ikanigeukia mimi. Nikaazima pikapu ya shemeji, nikajiona mtu mkubwa kwelikweli.

Asubuhi nilipita Omurushaka, nikanywa chai na chapati huku ukungu ukipanda vilimani. Barabara ilikuwa kavu na mimi nilikuwa naimba, vibaya lakini kwa nguvu.

Rubwera nilifika kabla jua halijawa kali. Mteja wangu mmoja, mtumishi wa halmashauri, alinitolea betri mbili, kisha akasimama ananitazama.

"Na mpya ziko wapi?"

"Mpya unanunua, kaka. Mimi nachukua za zamani."

"Hiyo ni nusu ya habari njema," akasema, akarudi ofisini akicheka.

Mchana niliingia Kibingo, nyumbani kwa Mama Koku, mjane aliyenunua betri kwangu binti yake Koku akiwa bado shuleni. Sasa Koku alikuwa anaolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Arusi ni Jumamosi ijayo, mbona umewahi hivyo?"

Nikamweleza nimefuata betri zake. "Ziko kazini," akasema, akaniongoza nyuma ya nyumba, katikati ya kibanja, shamba lake la migomba.

Huku kwetu ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi, hufukiwa shimoni ziive, zikafunikwa kwa majani ya migomba na kukandamizwa kwa kitu kizito ili joto lisitoke. Wengine huweka magogo. Mama Koku alikuwa ameweka betri zake mbili. Gogo huoza, akanieleza kwa fahari, lakini betri haiozi.

Nikainua moja. Ilikuwa imepasuka chini. Majani yalikuwa yameliwa matundu matundu, na maji yake makali yalikuwa yameteremka hadi kwenye ndizi. Nilishikwa na hofu.

"Mama, rubisi ya ndizi hizi haifai kunywewa. Hii ni sumu."

"Si nitaziosha?"

"Haitoki kwa kuosha, mama."

Akakaa chini palepale. "Koku wangu aolewe bila rubisi? Wakwe nitawaambia nini?" Nilimwonea huruma sana. Kisha akainua uso. "Betri umezifuata kwa sababu ni zenu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na zilichoharibu ni chenu. Beba vyote, mniletee ndizi zilizoiva."

Nikapiga simu kwa kampuni nikiwa palepale kibanjani. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu nyingi. "Sisi tunapokea betri tu. Ndizi si bidhaa yetu."

Mama Koku alisikia. "Mwambie hata shimo si lake, lakini betri yake imeingia."

Nilirudi Ihembe jioni nikiwa na betri nyuma, pamoja na magunia ya ndizi zilizoharibika, maana ningeziacha zingeliwa na ng'ombe. Sikuimba. Mke wangu, Edina, naye alikuwa amefukia ndizi zake, na siku ya kuzifukua ilikuwa imefika. Nikamsimulia yote bila kumtazama usoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye kampuni?" akauliza.

Lakini aliposikia ni arusi, alishika jembe mwenyewe.

Kesho yake mapema nilikuwa Kibingo tena, na ndizi za Edina nyuma ya pikapu. Mama Koku akamenya ndizi moja, akaitafuna polepole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaita majirani waje kukamua, na mimi nikapewa kahawa na kiti kizuri.

Njiani kurudi nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilitoka nikidhani nafuata betri. Nimejifunza kwamba madai hupanda kwa barabara ileile iliyoshukia bidhaa: kutoka kwa Mama Koku hadi kwangu, na kwangu hayana sababu ya kuishia.

Edina alikuwa ananingoja mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Nipe namba ya huyo anayesema ndizi si bidhaa yake."

Nikampa, nikaenda kukaa mbali kidogo.