Sista Yonka na Biti Iliyovunjika

Mji wetu uko kando ya mto Danubi, na watu wake humshukuru Daktari Hajiev kwa kila mguu unaotembea. Kabla ya Krismasi, wakati kila ua una nguruwe wa kuchinjwa, mlango wa ofisi yake hujaa soseji na chupa za rakia, pombe kali ya matunda. Hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwa akimwekea huyo daktari chuma mkononi. Basi mimi nitaandika habari za huyo mwekaji. Anaitwa Yonka Radkova, muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa, miaka ishirini na sita mahali pamoja, na miaka yote hiyo kwa kusimama.

Baba yake alikuwa mchinjaji wa kijiji. Kwa hiyo Yonka aliijua mifupa kwa kuishika kabla hajaisoma. Alipokwenda chuo cha uuguzi, wenzake walikariri majina usiku kucha na yeye alilala, maana alijua tayari goti linafunguka wapi na kisigino kimefungwa kwa mshipa gani. Wauguzi wapya wakija kwake aliwafundisha kwa mguu wa kondoo kutoka sokoni. Aliuweka juu ya meza ya chai na kusema, shikeni hapa, huu ni muundi, upande wa ndani hauna nyama, ni ngozi juu ya mfupa, ndiyo maana mtu akijigonga kwenye kitanda gizani humtukana mama wa seremala. Kisha aliwaonyesha ule utando mwembamba unaofunika mfupa. Aliwaambia huo ndio unaoulisha mfupa, msiukwangue kama mnamenya viazi. Somo likiisha, mguu ule uliingia sufuriani na maharage.

Ana miguu iliyojaa mishipa iliyovimba, anavaa viatu vya mbao vya kiume, na hasemi sana. Akisema, anahesabu. Hiyo ndiyo kazi yake nusu nzima. Kabla daktari hajakata, Yonka huhesabu kwa sauti kila shashi ya kufyonza damu, kila sindano, kila koleo, na muuguzi mwingine anaandika. Kabla ya kushona anahesabu tena, na baada ya kushona mara ya tatu. Hesabu isipolingana hakuna anayetoka chumbani. Siku moja, kabla sijazaliwa, aliwasimamisha madaktari watatu kwa ajili ya shashi moja, wakamwita nyumbu, na shashi ikapatikana nyuma ya paja la mgonjwa. Jina la nyumbu likabaki. Hakuna aliyerudi kuliondoa.

Sasa niseme habari ya biti.

Kwetu kutupa chuma ni aibu. Kiwanda cha baiskeli kilifungwa zamani, lakini mafundi wake wapo, na kila mmoja ana gereji yenye jiwe la kunolea. Pampu ikifa, kisu kikiwa butu, meno ya bandia ya bibi yakipasuka, vyote huenda gereji na vyote hurudi vikifanya kazi. Watu hujisifu kwa hilo. Hospitali nayo ikajisifu. Biti za drili, zile zinazotoboa mfupa ili skrubu ziingie, zilipokuwa butu hazikutupwa. Mtunza stoo alizifunga kwenye gazeti akampelekea Mzee Slavi, na Daktari Hajiev, ambaye ndiye mkuu wa idara, aliwaambia wageni kwamba katika idara yake hakipotei kitu.

Yonka alimwambia mara tatu. Alisema biti butu haikati, inasugua, na ikisugua inapata moto. Mfupa ni kitu hai, ukiungua hauungi. Tena kwenye jiwe chuma chenyewe hupata moto, kikizimwa majini kinakuwa kama kioo. Daktari alimjibu kwamba bibi yake alikaanga mayai miaka hamsini kwenye kikaango kimoja. Basi Yonka akaenda mwenyewe kwa Mzee Slavi. Mzee aliziangalia zile biti kwenye gazeti, akamwangalia yeye.

"Binti, mimi nilidhani ni za kutobolea ukuta," akasema. "Wameniambia hospitali inatundika makabati."

Kuanzia siku hiyo Mzee Slavi alikataa kuzigusa. Mtunza stoo akapata gereji nyingine, mtaa wa pili.

Mimi naingia hapa. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipokwenda Italia kutunza wazee wa watu, nami nikabaki na Bibi Tota na mbuzi wake thelathini na mmoja. Mwezi wa Oktoba, nilipokuwa na miaka kumi na sita, nilianguka kutoka juu ya mti wa jozi nikavunja muundi. Bibi alimpelekea daktari chupa ya rakia ya aprikoti, yale matunda madogo ya manjano, ile ya akiba ya harusi yangu. Nikachomwa ganzi ya mgongo. Kwa ganzi hiyo miguu inakufa lakini kichwa kinabaki. Waliniwekea kitambaa cha kijani mbele ya macho, nikawa sioni kitu, nikasikia kila kitu.

Nilisikia Sista Yonka akihesabu. Biti tatu, akasema, na sauti ya kijana ikarudia, tatu. Huyo alikuwa Plamena, muuguzi mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu na mtoto anayenyonya. Kisha drili ikaanza. Ilikwenda muda mrefu. Ikatoka harufu ninayoijua, ya kwato ya farasi inapovalishwa kiatu cha moto, na nikaelewa kwamba kwato ni mimi. Halafu nikasikia mlio mdogo. Tik.

Drili ikanyamaza.

"Daktari, biti imerudi fupi," akasema Yonka.

"Nipe nyingine."

"Ncha imebaki ndani."

Daktari alipekua kidogo, nikausikia mguu ukitikisika kama gogo la mtu mwingine. Kisha akasema iachwe, kuichimba kutaharibu mfupa zaidi, na haitamdhuru mtoto. Hapo hakukosea, Yonka mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hata yeye angeiacha. Lakini daktari aliongeza kwamba haina haja ya kuandikwa.

"Kuiacha ni uamuzi wako, Daktari," Yonka akasema. "Kuiandika ni kazi yangu."

Na kabla hawajashona akahesabu. Shashi kumi na tano. Sindano nne. Biti mbili na nusu. Plamena hakurudia. Mtu aliinama juu yangu kuona kama nimelala, nikafumba macho.

Kesho yake Plamena alimletea Yonka karatasi mpya, safi, iliyoandikwa hesabu imetimia, na mahali pa sahihi. Wakaguzi walikuwa njiani kutoka mji mkuu, na daktari hakutaka waulize biti ilinolewa wapi. Yonka hakutia sahihi. Basi daktari akageuza habari. Alisema biti ilikuwa imevunjika tangu juu ya meza ya Yonka, naye hakuikagua, macho yamezeeka, na sasa anaficha uzembe wake ndani ya mguu wa mgonjwa. Ndani ya mguu wangu. Plamena alitia sahihi ya shahidi. Ikawekwa kamati, baada ya wiki tatu, ya kumwondoa Yonka chumba cha upasuaji moja kwa moja, na kabla hata ya kamati wakamshusha chini, chumba cha kufulia, akunje mashuka. Miaka ishirini na sita, akunje mashuka!

Alikuja wodini kwetu na mkokoteni wa mashuka hayo. Wagonjwa walimwita mama wa kufua. Mmoja alimwuliza kama foronya zimetimia hesabu, wakacheka. Alinyoosha kitanda changu bila kuniangalia.

"Sista," nikasema, "nilisikia tik."

Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo wauguzi hawalifanyi. Akaniuliza nilisikia nini kingine, nikamwambia yote, hata ile nusu. Akausugua muundi wake mwenyewe kwa kidole gumba. Kisha akanieleza taratibu, kama alivyowaeleza wale wa mguu wa kondoo. Kipande hakitaniua. Lakini mwakani watarudi kutoa bamba, kile chuma kilichofungwa mfupani kwa skrubu, na mtu asiyejua atakutana na chuma gizani, avunje kingine, au avunje mfupa.

"Mfupa hupigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavu," akasema. "Ukionyeshwa moja, uliza ya pili iko wapi."

Katika bahasha yangu ya eksirei ilikuwapo moja tu, ya ubavu. Bamba langu liko upande wa ndani wa muundi, kwa hiyo ukipiga ubavuni linakaa mbele kama mlango na kila kilicho nyuma yake kinajificha. Daktari alipopita asubuhi na wanafunzi wake nikamwuliza ile ya mbele iko wapi. Akanipigapiga kwenye plasta.

"Mchungaji wangu, wewe hesabu mbuzi," akasema, "mifupa niachie mimi."

Wanafunzi wakatabasamu. Mbuzi nawahesabu kila jioni, na akipungua mmoja silali, sikuona kichekesho.

Niliporuhusiwa nikamwambia Bibi Tota. Bibi akaenda kumwomba jirani gari lake la kubebea maboga. Tulikwenda zahanati ya kifua, ambako wanapiga picha za mapafu tu. Fundi wa eksirei akasema hapigi miguu.

"Kifua chake kizima, mwanangu," Bibi akamwambia, "ni mguu ndio unaokohoa."

Akapiga. Picha ilikuwa bado na unyevu aliponionyesha. Bamba lilionekana kwa ukingo, jembamba, na skrubu saba zimeingia mfupani, kila moja na meno yake ya kuzunguka. Kati ya ya tatu na ya nne kulikuwa na kijiti cheupe, laini, kisicho na meno, kama mwiba.

Siku ya kamati hatukualikwa. Tulikaa kwenye korido, mimi na magongo, Bibi na kitambaa chake cha kanisani. Kupitia mlango tulimsikia Daktari Hajiev akisema kwa upole kwamba Sista Radkova amefanya kazi nyingi, kwamba uchovu si dhambi, kwamba hata yeye inamuuma. Ule upole ndio ulioninyanyua. Bibi alifungua mlango bila kubisha.

Ndani walikuwa mkurugenzi, wajumbe wawili, daktari, Plamena, na Yonka kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango, mikono magotini. Mkurugenzi alisema hiki ni kikao cha ndani. Nikaenda dirishani nikaibandika picha kwenye kioo kwa kiganja.

"Skrubu zina meno," nikasema. "Hiki hakina. Na nilikuwa macho."

Nikawaambia nilichosikia, kuanzia biti tatu hadi mbili na nusu. Nilipofika hapo Plamena alianza kulia, akasema ni kweli, aliisikia, na alikuwa ameiandika hivyo hivyo kabla hajaambiwa aichane karatasi.

Mnadhani daktari aliona aibu? Alivaa miwani, akasogea dirishani, akatazama muda mrefu kama mtu anayetazama mandhari. Akasema kumbe, ndiyo, hutokea, inajulikana katika kazi hii, ni vizuri tumeiona mapema. Akaomba faili langu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kipande cha chuma kimegunduliwa katika ufuatiliaji makini wa mgonjwa. Akatia sahihi. Wote wakapumua.

Sista Yonka walimrudisha mezani, maana wiki zile tatu bila yeye upasuaji ulikuwa unachukua muda maradufu. Walimrudisha na onyo la maandishi, kwa kumkaidi mkubwa na kuvuruga utulivu wa chumba cha upasuaji. Biti mpya zililetwa, za kiwandani, kwenye kisanduku. Wakaguzi walizisifu. Mjini watu walisema, oneni daktari wetu alivyo na jicho, amekiona chuma kidogo kama punje ndani ya mguu wa mchungaji. Krismasi ile soseji ziliongezeka. Bibi Tota alikwenda ofisini kudai chupa yake, akaikuta rafuni, imebaki nusu. Akaichukua hivyo hivyo.

Nilimwuliza Yonka kwa nini asilipinge lile onyo. Alisema karatasi haimsimamishi mtu, miguu ndiyo inayomsimamisha, na yeye amerudi mahali pa kusimama. Sikuridhika, sijaridhika mpaka leo.

Oktoba iliyofuata nilirudi kutolewa bamba. Ganzi ileile, kitambaa kilekile cha kijani, daktari yuleyule, mcheshi kuliko zamani. Yonka alianza kuhesabu, na sauti ya Plamena ikamfuata, safari hii bila kuruka. Shashi kumi na tano, kumi na tano. Sindano nne, nne. Skrubu za kutoka saba, saba. Kisha Yonka akapaza sauti kidogo, mpaka nikajua anahesabu kwa ajili yangu na kwa ajili ya mwingine aliyesimama pale.

"Na ncha ya biti moja, ndani ya mfupa, kati ya skrubu ya tatu na ya nne, inabaki."

"Inabaki," akasema Plamena.

Tulisubiri sote, na mimi chini ya kitambaa, kwa sababu hesabu haifungwi mpaka daktari naye ajibu.

"Inabaki," akasema Daktari Hajiev. Ndipo Sista Yonka akampa kisu.