Siku Sunnvá Alipopanda Stapin

Mpaka anafikisha miaka arobaini na sita, Sunnvá hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale Hvannvík kwamba anaogopa mahali pa juu. Angeanzia wapi? Kijiji kimekaa juu ya magenge, na watoto hujifunza kutembea wakiwa wamefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo ya uzio. Kwa hiyo aliificha hofu yake vizuri kuliko wengine wanavyoficha ulevi. Alichagua kazi ya kupeleka barua kwa sababu ilimweka barabarani, ndani ya gari, siku ambazo wenzake walikuwa wananing'inia kwenye kamba wakikamata ndege. Siku za kukusanya kondoo mlimani alijitolea kubaki kuoka mikate. Akiombwa kushika kamba, mgongo ulikuwa unamuuma.

Hofu yenyewe ilimwingia akiwa na miaka tisa, siku aliyolala kifudifudi ukingoni mwa genge na baba yake wakitazama makinda. Ghafla alihisi kama tumbo lake linataka kutangulia chini. Aling'ata nyasi zisimwachie. Baba yake alicheka, akadhani mtoto anacheza.

Stapin ni mwamba mweusi uliosimama peke yake baharini, mwendo wa nusu saa kwa boti kutoka kijijini, mrefu kama minara minne ya kanisa iliyobebana. Juu yake kuna kipande cha nyasi nene zilizonenepeshwa na kinyesi cha ndege. Kila mwezi wa tano familia ya Sunnvá hupandisha kondoo kumi na mmoja huko, na mwisho wa Agosti, kabla bahari haijabadilika, huwateremsha wakiwa wamenona hadi hawawezi kukimbia. Kazi hiyo inataka watu watatu juu na mmoja kwenye boti. Mwaka ule, yule mtu wao wa tatu alikuwa ameajiriwa kwenye meli ya uvuvi na hakurudi kwa wakati.

Bárður, kaka yake mkubwa, alilitoa jambo hilo gatini, mbele za watu.

"Dada, wewe ni mwepesi. Kesho tunaenda na wewe."

"Mgongo," Sunnvá alisema.

"Mgongo gani? Jana nimekuona umebeba friji na jirani yako," alidakia Tróndur, binamu yao, mtu ambaye hata msibani hakosi neno. "Au unaogopa kondoo watakuuliza barua zao?"

Watu wakacheka. Sunnvá akausikia mdomo wake ukisema, "Haya, nitakuja."

Asubuhi alitapika mara mbili, akanawa uso, akaenda. Bahari ilikuwa imelala. Mzee Hjálmar, aliyekuwa anaendesha boti tangu Sunnvá hajazaliwa, alimtazama mara moja tu na kumpa kipande cha nyama kavu ya kondoo. "Tafuna. Tumbo tupu halishiki kitu."

Kupanda kunaanza kwa kuruka. Boti inasogea hadi karibu kugusa mwamba, wimbi linainua, na pale juu kabisa ya wimbi unaruka kwenye kibaraza chenye upana wa meza ya jikoni. Bárður aliruka. Tróndur aliruka akiwa na kamba mabegani. Sunnvá aliruka kwa sababu Hjálmar alimsukuma.

Kutoka hapo kuna mnyororo uliopigiliwa na wazee wao, na misumari ya chuma ya kuwekea miguu. Sunnvá alikuwa amefungwa kamba, na Bárður aliishika kutoka juu. Kichwa chake kilijua hilo, lakini mikono haikujua. Iliushika mnyororo kwa nguvu kiasi kwamba kila alipotaka kusogea ilimbidi aviagize vidole kimoja kimoja viachie. Katikati ya njia alitokeza uso wake kwenye kishimo cha mwamba, ana kwa ana na ndege wa baharini aliyekaa na kinda lake. Ndege yule alifungua mdomo akamtapikia mafuta ya njano, yenye harufu ya samaki aliyeoza, puani na machoni.

Hakuona kitu. Akaganda.

"Mbona umesimama?" Bárður aliuliza kutoka juu.

Alikuwa anauogopa hata mdomo wake mwenyewe, asije akalia. Alihisi joto likishuka mapajani na akajua amejikojolea. Jambo la ajabu ni kwamba lile lilimsaidia. Baya moja lilikuwa limeshatokea, na mnyororo bado ulikuwa mkononi. Akapanda.

Juu alifanya kazi kwa kutambaa. Tróndur alimwona anavyokwenda kwa magoti, akafungua mdomo atanie, kisha akaufunga. Waliwakimbiza kondoo, wakawafunga miguu, wakawaweka wavuni na kuwashusha mmoja mmoja hadi kwa Hjálmar. Walikuwa wameshusha saba redio ilipokoroma kiunoni mwa Bárður.

"Bahari inavimba," sauti ya Hjálmar ilisema. "Shukeni sasa hivi."

"Wamebaki wanne tu, mzee."

"Mimi sijakuuliza wamebaki wangapi."

Hapakuwa na upepo wowote, ila dhoruba ya mbali ilikuwa imetuma mawimbi yake, marefu, laini, yasiyo na povu, na kila moja lilikuwa kubwa kidogo kuliko lililopita. Walishuka haraka, Tróndur mbele, Sunnvá katikati, Bárður nyuma. Walipofika kibarazani maji yalikuwa yanapanda hadi vifundoni, yanarudi, na boti iliyokuwa inapanda na kushuka kimo cha nyumba haikukaa karibu zaidi ya pumzi moja. Tróndur alisubiri, akaruka, akaanguka juu ya kondoo.

Zamu ya Sunnvá ikafika. Boti ikaja. "Sasa," Hjálmar alisema. Hakuruka. Boti ikarudi nyuma, ikaja tena. "Sasa." Miguu ikakataa. Mara ya tatu wimbi lilimfikia magotini, na Bárður, aliyekuwa amening'inia kwenye mnyororo nyuma yake bila mahali pa kukanyaga, alipiga kelele, "Ruka, we mwanamke, unataka tufe wote?"

"Naogopa," Sunnvá alisema. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake.

Hjálmar alimsikia. "Sawa, unaogopa," alisema. "Itazame kofia yangu. Nikiivua, ruka. Maji niachie mimi."

Ilikuwa kofia ya sufu, nyekundu, imetoboka. Mzee aliivua. Sunnvá aliruka akiwa amechelewa kidogo, na boti ilikuwa imeshaanza kushuka. Bega lake liligonga ukingo, kitu kikavunjika ndani, na akateleza kati ya boti na mwamba. Maji yalimfunika. Alichokumbuka baadaye ni rangi ya kijani na mlio wa chuma kikikwaruza jiwe karibu sana na kichwa chake. Kisha kola ya jaketi ilimkaba shingo. Tróndur alikuwa amemdaka. Alimvuta ndani kama wavu wa samaki, akamlalia juu, na hakusema utani wowote. Bárður aliruka kwenye wimbi lililofuata, akatua salama.

Mtulinga, mfupa wa kati ya bega na shingo, ulikuwa umevunjika. Daktari aliufunga, na Sunnvá akakaa nyumbani akipeleka macho dirishani.

Wiki mbili baadaye bahari ilitulia. Wanaume walikusanyika bandani kwa Bárður kupanga kuwafuata wale kondoo wanne, na Sunnvá alikwenda, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa.

"Sikuja kushika kamba," alisema. "Nimekuja kuwaambia kwamba naogopa mahali pa juu tangu utotoni, na sitapanda tena kule. Na ninyi nawaogopea."

"Nani kakuuliza, na mkono huo?" alisema Tróndur. Wawili kati yao wakacheka. Tróndur mwenyewe hakucheka. Alikuna shingo, akatazama chini. "Ila na mimi siendi, Bárður. Tangu siku ile silali vizuri."

Bárður alitupa kamba chini, akatoka. Wengine nao hawakujitolea, na mtu mmoja hawezi kuteremsha kondoo peke yake, kwa hiyo hakuna aliyekwenda. Siku ile bahari ilibaki kama maziwa kwenye bakuli, asubuhi hadi jioni, na kila mtu aliiona. Kondoo wale walikaa juu majira yote ya baridi. Aprili walipofuatwa na vijana wa kijiji cha pili, walikutwa wawili.

Bárður hakumsemesha dada yake hadi wiki ya Krismasi, wale kondoo wakiwa bado juu. Alikuja na paja la kondoo lililokaushwa, akaliweka mezani, akakaa bila kuvua koti.

"Hasara ile ni yako," alisema.

"Najua."

Sunnvá alimkatia mkate, akaupaka jamu. Kaka yake alikula kipande kizima kabla ya kusema tena.

"Ulipozama, niliona boti ikienda kugonga mwamba. Nikajua nimekuua." Alifuta mdomo. "Mwaka ujao kondoo watakula nyasi za huku huku."

Sunnvá akamwongezea kahawa.