Siku Niliyofungiwa Zizini na Baba Mkwe

Usingizi ulinikimbia kwa sababu ya swali moja: mkamwana anawezaje kumwambia baba mkwe wake kwamba anatesa wanyama, wakati haruhusiwi hata kumtazama? Nililigeuza swali hilo kama chapati mpaka likaungua pande zote mbili (mimi ni mtu wa kuwaza, hata nikitumwa chumvi nawaza kwanza muuza chumvi atanifikiriaje), na bado sikupata jibu. Lakini niwape aibu yenyewe mapema, mcheke mmalize: ndiyo, mimi ndiye yule mwanamke mwenye shahada aliyekutwa kwenye zizi la halmashauri pale Tukuyu, katikati ya ng'ombe na mbuzi waliokamatwa, huku watu wa soko wakibishana mwenye mali ni nani.

Zizi hilo ni la kuwekea mifugo inayokutwa ikizurura mjini. Zamani halmashauri ililiendesha yenyewe, halafu ikaja ile miaka ya kila kitu kupewa watu binafsi, choo cha soko kikapata mzabuni, ushuru wa ndizi ukapata mzabuni, zizi nalo likapata mzabuni, na mzabuni huyo, kwa bahati yangu, akawa baba mkwe wangu. Jina lake silitaji. Msidhani naogopa mahakama. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hataji jina la mkwe, hamtazami, wala hakai naye mahali pamoja, na akimsikia anakuja hujifunika kanga akakimbilia nyuma ya nyumba. Na yeye mkwe vilevile hukukwepa. Tunaita ukutila. Chuoni niliwahi kusimama mbele ya darasa nikasema mila hiyo imepitwa na wakati, nikapigiwa makofi, lakini miguu yangu haikuwapo siku hiyo, maana hadi leo ikisikia kikohozi cha yule mzee inakimbia yenyewe.

Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi sisi wahitimu, kwa hiyo nilikuwa Makandana kwa wakwe, mume wangu Lugano akihangaika na biashara Mbeya, mimi na shahada yangu tukimenya ndizi. Hapo ndipo aliponikuta Mama Sekela, mjane wa kijiji cha Nkunga anayetuletea maziwa, siku hiyo akiwa mikono mitupu.

"Bupe mwanangu, Pendo amekatika kamba, wamemkamata," akasema. Pendo ni ng'ombe wake, ndiye pekee aliyenaye. "Faini nitaitafuta. Lakini ana ndama nyumbani, na mle ndani hawamkamui. Nimewaomba niingie nikamkamue tu, wananiambia nilipe kwanza ndipo nimguse. Kiwele kitaharibika, mwanangu. Wewe umesoma. Nenda ukaseme."

Nikaseme kwa nani? Nikienda halmashauri wataniuliza, "Umeona kwa macho yako?" na mimi sijaona. Nikikaa kimya, ng'ombe ataoza akiwa hai. Nikisema, nitakuwa nimemshitaki mkwe, na mama mkwe ataniuliza nimefunzwa na nani. Basi nikaamua jambo dogo, dogo kabisa: nitaenda nichungulie tu, siku ya soko, muda ambao mzee huwa anazunguka sokoni na pikipiki yake akitafuta mbuzi wa kukamata. Nikajitwika mzigo wa matete kichwani ili nisionekane mikono mitupu (mbele ya nani, sijui).

Getini nilimkuta Ipyana, kijana anayelinda zizi, amekaa chini ya kibao kilichoandikwa MNYAMA HATOKI MPAKA MWENYEWE AJE.

"Shemeji, mzee akijua umeingia humu atanifukuza."

"Nachungulia tu, kaka."

"Chungulia haraka basi."

Nikaingia. Tope lilikuwa la magotini, birika la maji limepinduliwa limekuwa kiti cha bata, na wanyama walikuwa wamesimama kimya kama watu kwenye foleni iliyosahauliwa. Niliposhusha matete walinivamia, yakaisha kabla sijafungua kamba, halafu wote wakageuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye halmashauri. Pendo hata hakuja kula. Alisimama pembeni, miguu ya nyuma ameitanua, kiwele kimevimba kinang'aa kama mtungi.

Nikasikia pikipiki. Nikasikia kikohozi.

Mtu mwenye akili timamu angetoka akasalimia. Lakini miguu, kama nilivyosema, haikusoma chuo. Nilijifunika kanga gubigubi nikachuchumaa nyuma ya Pendo, Ipyana naye kwa woga akafunga geti kwa mnyororo na kufuli, akidhani mzee atapita tu. Mzee hakupita. Akasema, "Lete funguo, panda huku, kuna mbuzi wanne wanakula mchicha wa watu sokoni," na pikipiki ikaondoka na mzee, Ipyana na funguo.

Nikabaki na mvua. Wanaoijua Tukuyu wanajua nasema mvua gani. Niliwaza nipige kelele, nikawaza watakaokuja watakuwa nani, nikawaza kuruka uzio, nikatazama mabanzi yake na gauni langu, nikawaza tena, na nilipokuwa nawaza mbuzi mmoja akala ukingo wa kanga yangu hadi karibu na maandishi. Kiu ilinishika. Hapakuwa na tone la maji ila lile la angani na lile la chini, na la chini sitalieleza.

Aliyenigundua ni mama mmoja muuza ndizi aliyekuja kujisitiri mvua ubavuni mwa uzio. Akachungulia, akanitazama, akaweka tenga chini.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Jamani njooni! Siku hizi wanakamata na watu!"

Soko likahamia zizini. Ipyana akarudi akiburuta mbuzi, akasema funguo anazo mzee, na mzee yuko nyuma anakuja. Basi watu wakakaa kunijadili.

"Si kibao kinasema mwenyewe aje? Mwenyewe wa huyu ni nani?"

"Mume wake yuko Mbeya."

"Mume ndiye aliyetoa ng'ombe za mahari? Aliyetoa ni baba yake!"

"Basi mwenye mali ndiye huyohuyo aliyemfungia!"

Walicheka mpaka mmoja akashika uzio asianguke. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso nawaza kama kuna basi la jioni la kwenda mahali popote.

Ndipo mzee akafika. Kupitia tundu la kanga nilimwona ananitambua, anashtuka, anageuka haraka na kunipa mgongo. Na mimi nikampa mgongo. Tukasimama hivyo, migongo inatazamana, soko zima katikati.

"Ipyana," mzee akasema, akiwa ameukazia macho Mlima Rungwe ambao kwa mvua ile haukuonekana, "muulize huyo ng'ombe kilichomleta humu ni nini."

Sijui ni baridi, sijui ni kiu, sijui ni zile siku zote za kukosa usingizi. Nilishika pembe ya Pendo, nikamwambia kwa sauti iliyofika stendi: "Pendo, mwambie anayeuliza kwamba ulikatika kamba tu, hukuua mtu. Mwambie hujanywa maji. Mwambie una ndama nyumbani na hakuna aliyekukamua."

"Mwambie ng'ombe," mzee akajibu mlima, "zabuni inasema kuhifadhi. Haisemi kulisha."

"Pendo, muulize: yeye akihifadhi hivi ng'ombe za mahari, ukweni atapeleka nini? Ngozi?"

Zizi likalipuka. "Jibu, mzee!" yule muuza ndizi akapaza sauti. "Ng'ombe anauliza!"

Mzee alirusha funguo nyuma bila kugeuka, zikaangukia topeni. "Fungua! Atoke!"

Geti likafunguliwa. Watu wakapisha njia. Nami nikainua mguu kutoka, na mguu ukiwa hewani ndipo nilipogundua jambo ambalo kwa kuwaza kwangu kote sikuwahi kuliwaza: mimi nikiwa humu ndani, mzee hawezi kuingia. Nikaurudisha mguu.

"Pendo," nikasema, "sitoki mpaka ukamuliwe. Na wote humu wanywe."

Mama Sekela, aliyekuwa amejibanza nyuma ya watu, akaja mbio na kibuyu. Ipyana alimwangalia mzee, mzee aliangalia mlima, Ipyana akachukua ndoo. Maziwa ya kwanza yalitoka mabonge, yakiwa na damu. Hakuna aliyecheka tena. Watu wa kwetu wanaweza kukutania juu ya mkeo, juu ya msiba wako pia, lakini kiwele cha ng'ombe hawakitanii. Wanaume wakaanza kukata migomba ya jirani kuwalisha wanyama, bila kuombwa, na faini ya Pendo sikusikia tena mtu akiitaja.

Nyumbani mama mkwe alinisubiri mlangoni. "Mkamwana hamjibu mkwe wake, Bupe."

"Sikumjibu, mama. Nilikuwa naongea na ng'ombe."

Aligeuka upande haraka, mabega yakimtikisika. Lakini mjini nilipata jina, Mali ya Halmashauri, na watoto wakinipita walilia kama mbuzi. Kwa wiki nzima niliwaza nirudi kwetu kijijini Masoko, niende Mbeya, nibadilishe kanga. Pendo alipona, chuchu moja ya kiwele ikafa. Na wengine waliobaki mle? Nani atawachungulia, na mimi nimeapa kutochungulia tena maishani?

Kiapo hicho nimekitunza. Siku ya soko iliyofuata sikuchungulia. Nilibeba kigoda, ndoo na mzigo wa matete, nikapita barabara kuu mchana kweupe, Ipyana akafungua, nikaketi katikati ya zizi. Pikipiki ikaja, ikapunguza mwendo kwenye kona, ikazimwa. Kikohozi. Miguu yangu ikashtuka, nikaikalisha.

"Ipyana," sauti ikatoka nyuma ya mabanzi, imechoka kidogo, "waulize hao wanyama leo kumepungua nini."

Nikamgeukia mbuzi aliyekuwa karibu. "Mwambie," nikasema, "maji."