Ramlo na Rufaa ya Isse

Ukitaka kumjua Ramlo, usimuulize bei ya maziwa. Muulize habari za rufaa, kisha tafuta pa kukaa. Mwaka wa tisini na sita tulikuwa majirani sokoni Garissa, mimi wa kutoka Mwingi nikiuza nguo, yeye maziwa ya ngamia, na nakwambia soko zima lilijifunza sheria kwa kinywa chake.

Mdogo wake Isse, mchunga ngamia, alipewa gunia huko Hadado na mtu wa ukoo wao, amfikishie jamaa mjini. Kwao mzigo wa amana haufunguliwi. Polisi wakaufungua barabarani, kumbe bangi. Mbele ya hakimu Isse akasema, "Nakubali, nimekosa."

Mjinga? Hata! Kwao, aliyeshikwa na jambo hukubali kwanza, ndipo wazee wakae, waulize lilivyokuwa, waamue fidia. Kukubali ndiko kunakofungua mazungumzo. Basi Isse akakubali, akasubiri kuulizwa. Akapewa miaka kumi!

Ramlo aliacha madebe yake pale pale, maziwa tukanywa bure, akaenda mbio kwa wakili Billow. Nilimfuata, maana kwa hasira ile angeweza kumpiga mtu. Billow akaanza polepole: aliyekiri kosa hana rufaa, ila juu ya ukubwa wa kifungo.

"Hakukiri!" Ramlo akafoka. "Alikuwa anaanza kuzungumza!"

Billow, mwenyewe mtoto wa wafugaji, aliruka kitini. "Rudia hapo, abaayo, dada yangu. Rudia!" Na hiyo ndiyo ikawa rufaa yenyewe.

Ilisikilizwa Nairobi mwaka uliofuata, Isse akiwa bado gerezani, nami nikamsindikiza Ramlo. Hofu yetu ilikuwa moja tu: Isse akiulizwa neno, adabu ya kwao isije ikamponza tena.

"Akikubali tena nimebotea, nimekwisha, walaahi," Ramlo alininong'oneza.

Jaji, naye hana habari, akamgeukia Isse. "Una la kuongeza?"

Isse akasimama, mkalimani kando yake. "Gunia nililibeba. Hilo nakubali."

Yarabi! Billow akafumba macho. Ramlo akanifinya mkono hadi ukaingia ganzi.

"Lakini sikuulizwa nani alinipa," Isse akaendelea, "wala kama nilijua kilichomo. Nilidhani nitaulizwa. Bado nangoja."

Jaji akaweka kalamu chini. Kisha akasema mtu huyu hakukiri kosa lolote, alikuwa ameanza tu kujieleza akakatizwa. Hukumu akaifuta. Isse aachiliwe!

Ramlo alipiga kigelegele ndani ya Mahakama Kuu, jamani, mpaka askari akamtoa nje kwa bega. Nikamfuata huku nacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kufurahi vile kwa ajili ya mtoto wa watu.

Punde Isse naye akatoka. Pingu zilikuwa zimefunguliwa, lakini alishikanisha mikono mbele, akasimama juu ya ngazi akiangalia chini.

"Walaal, ndugu yangu, njoo!" Ramlo alimwita huku akiruka ruka. Hakusogea. "Isse! Mbona umesimama?"

Akajibu kwa sauti ndogo, kwa Kisomali ambacho hata mimi nilikielewa, "Hawajaniambia nitembee."

Ramlo akapanda ngazi, akaiachanisha ile mikono, akaushika mmoja.

"Tembea," akamwambia.